Mpaka Usiohama na Joto Linalohama: Somo Juu ya Vipepeo katika Hifadhi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Sita

Mtu akitaja hifadhi ya viumbe, kwa kawaida tunakumbuka tembo, nyati na sokwe. Tunakumbuka askari wa doria, na kibao cha kumkataza mtu asikate mti wala asitege mtego. Ulinzi huo ni mwema, na bila ya huo wanyama wengi wangalikwisha zamani. Lakini iko hatari moja ambayo askari hawezi kuikamata, wala yenyewe haisomi kibao. Nayo ni kubadilika kwa hali ya hewa. Mpaka wa hifadhi huchorwa kwenye ramani ukakaa hapo hapo miaka nenda miaka rudi. Joto na mvua vilivyokuwamo ndani ya mpaka huo vinahama. Katika somo hili nataka kuonyesha, kwa kumtazama kiumbe mdogo sana, yaani kipepeo, jinsi jambo hilo linavyotokea, na kwa nini hifadhi nyingine humfaa na nyingine humshinda.

Nimemchagua kipepeo kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake ni mafupi. Tembo aweza kuishi miaka 60, na katika muda huo vipepeo wamezaliwa na kufa vizazi 60 au zaidi. Basi mabadiliko ambayo kwa tembo huchukua muda mrefu kuonekana, kwa kipepeo huonekana upesi. Pili, wako watu waliowahesabu vipepeo kwa uangalifu kwa miaka mingi, na hesabu zao zimeandikwa, hata sisi twaweza kujifunza kwazo.

MAFIGA MATATU

Hatua za maisha ya kipepeo tunazijua tangu shule ya msingi: yai, kiwavi, pupa, na mwisho kipepeo mwenye mabawa. Jambo ambalo wengi hawalifikiri ni kwamba kiwavi ni mchaguzi sana wa chakula. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, tunayemwona akizunguka michungwa na milimau, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, mara nyingi ni jike anayetafuta jani la kutagia yai, kwa kuwa viwavi wake hula majani ya miti ya jamii hiyo. Ukimwekea kiwavi huyo majani ya mhindi, atakufa kwa njaa katikati ya chakula tele. Huyu ana bahati, maana michungwa imepandwa kila mahali. Vipepeo wengine hutegemea mmea mmoja au miwili tu, na pengine mmea huo huota penye udongo wa namna moja.

Jambo la pili ni joto. Kipepeo hana moto wake mwenyewe mwilini kama tulio nao sisi. Asubuhi ya baridi utamkuta ametandaza mabawa juani, hasogei. Anaota jua, kwa kuwa misuli ya mabawa yake haina nguvu ya kuruka mpaka ipate joto, kwa aina nyingi kama digrii 30 au zaidi. Kiwavi naye, akiwa katika baridi, hula polepole na kukua polepole. Katika joto la kadiri hukua upesi. Joto likizidi sana, wote wawili huumia.

Jambo la tatu ni majira. Kiwavi hana budi kutoka katika yai wakati majani yangali mabichi na laini. Akichelewa, hukuta majani yamekauka.

Basi mmea, joto na majira ni kama mafiga matatu chini ya chungu. Figa moja likisogezwa, chungu hupinduka, hata kama mawili mengine hayakuguswa. Na hali ya hewa ikibadilika huyasogeza mafiga hayo bila mtu yeyote kuvuka mpaka wa hifadhi.

Kwamba inabadilika, hilo limepimwa. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na misitu, wanadamu wameongeza hewa ya ukaa angani, na hewa hiyo huzuia joto la dunia lisitoke, kama blanketi limzuiavyo mtu asipoteze joto lake usiku. Katika miaka ya 2011 hadi 2020 uso wa dunia ulikuwa na joto lipatalo digrii 1.1 zaidi ya lile la miaka ya 1850 hadi 1900. Mtu aweza kucheka akisema, "Digrii moja ni nini?" Na amtazame kipepeo, ndipo atakapojua.

KIPEPEO EDITHA

Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, karibu na ghuba ya San Francisco, Chuo Kikuu cha Stanford kina hifadhi ya masomo yenye ukubwa wa ekari 1,200 hivi, ambayo katika vitabu vya elimu imejulikana kwa jina la Jasper Ridge. Huko waliishi vipepeo wa aina iitwayo Euphydryas editha. Ni wadogo, wenye vibaka vyeusi, vyekundu na vya manjano iliyofifia, vilivyopangwa kama ubao wa drafti. Katika somo hili tumwite Editha tu.

Mwaka 1960 bingwa mmoja, Paul Ehrlich, alikuwa ameanza kuwahesabu. Pengine msomaji atauliza, mtu huhesabuje viumbe wanaoruka? Njia yenyewe ni rahisi, nasi twaweza kuijaribu. Huwakamata vipepeo kwa wavu, akawatia alama ndogo bawani, akawaachia. Kesho yake huwakamata tena, akaangalia ni wangapi wana alama. Tuseme jana ulitia alama vipepeo 50, na leo umekamata 40, ambao kati yao 10 wana alama. Maana yake, robo ya wale wa leo ni wa jana. Basi yaelekea wale 50 wa jana ni robo ya kundi zima, na kundi lina vipepeo wapatao 200.

Kwa njia kama hiyo Ehrlich na wenzake waliwafuata vipepeo wale kwa karibu miaka 40. Waligundua kwamba hawakuwa kundi moja bali makundi kadhaa, kila moja mahali pake, na kwamba vipepeo hao, ingawa wana mabawa, hawapendi kusafiri. Wengi hufia karibu na walipozaliwa. Waliona idadi ikipanda na kushuka. Kisha mwaka 1991 kundi moja kubwa lilitoweka. Mwaka 1998 likatoweka la mwisho. Tangu hapo mahali pale palipokuwa maarufu duniani kwa kipepeo Editha pamekuwa hapana Editha.

Ndugu msomaji, angalia ajabu hii. Ndani ya hifadhi ile hapakujengwa nyumba juu ya makao yao, wala hapakulimwa. Walindwa, tena walikuwa miongoni mwa vipepeo waliochunguzwa kuliko wote duniani. Nini basi kiliwaua?

MBIO ZA KIWAVI NA JANI

Kulijibu swali hilo yatupasa tujue mwaka wa huko ulivyo. California mvua hunyesha wakati wa baridi, tangu Novemba hivi hadi Aprili. Kiangazi chake ni kikavu kabisa. Editha huruka mwezi wa Machi na Aprili. Jike hutaga mayai chini ya mmea mdogo uitwao Plantago erecta, uotao katika udongo mbovu wa jiwe la serpentini. Mayai huanguliwa kwa muda wa siku kumi au kumi na nne, na hapo mbio huanza.

Kiwavi hana budi kula na kujivua ngozi mara tatu kabla mmea haujakauka kwa kiangazi. Akiwahi, hujificha chini ya mawe na katika nyufa za udongo, akalala usingizi mrefu mpaka mvua za mwisho wa mwaka zimwamshe. Akichelewa, jani hukauka mdomoni mwake, naye hufa kwa njaa. Hata katika mwaka wa kawaida wengi mno hushindwa: katika viwavi 100, mara nyingi zaidi ya 90 hufa kabla ya kulala. Kundi zima linategemea wale wachache waliowahi.

Sasa fikiri mwaka wa ukame. Plantago inakauka mapema kwa majuma mawili au matatu. Wale wachache nao hawawahi. Ukame wa miaka ya 1975 hadi 1977 uliangamiza makundi mengi ya Editha katika California. Basi mtu atasema, mvua nyingi itawafaa. La, si hivyo kila mara. Mvua ikizidi, mawingu hulifunika jua, viwavi wakubwa waliokwisha kuamka wanakosa joto la kukua, vipepeo wanatoka wakiwa wamechelewa, mayai yanatagwa kwa kuchelewa, na kiangazi kinawakuta viwavi wadogo njiani. Mwaka mkavu huwadhuru, na mwaka wa mvua kupita kiasi huwadhuru. Kinachowafaa ni mwaka wa kadiri.

Mwaka 2002 mabingwa wanne, na Ehrlich mmoja wao, walitoa hesabu yao. Walilinganisha idadi ya vipepeo wa Jasper Ridge na vipimo vya mvua vya miaka mingi. Waliona kwamba tangu mwaka 1971 mvua za mahali pale zilianza kuyumba kuliko zamani: mwaka mmoja nyingi mno, mwingine chache mno, na ile miaka ya kadiri ikawa haba. Kuyumba huko ndiko kulikoharakisha kufa kwa makundi yale mawili, na ndiko ambako wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wamekwisha kutabiri kwamba kutazidi kadiri dunia ipatavyo joto. Hapa tujifunze jambo moja kubwa: mabadiliko ya hali ya hewa yaweza kuua bila kumchoma kiumbe kwa jua. Yatosha kumchelewesha.

MITEREMKO YA NAMNA MBILI

Lakini Editha hakufa kila mahali. Kusini zaidi, penye kilima kirefu kiitwacho Coyote Ridge, waliendelea kuishi kwa maelfu mengi. Kwa nini huko wakaishi na Jasper Ridge wakafa?

Sisi tunaokaa karibu na Ikweta, adhuhuri jua hutupita utosini, na upande wa kaskazini wa kilima haupitani sana kwa joto na upande wa kusini. Mbali na Ikweta, upande wa kaskazini wa dunia, mambo ni mengine. Huko jua hukaa upande wa kusini mwaka wote. Mteremko unaoelekea kusini hupata jua tele, na ule unaoelekea kaskazini hubaki na ubaridi na unyevu. Juu ya kilima kimoja, hatua chache tu, unapata nchi mbili.

Kwenye mteremko wa jua viwavi hukua upesi na vipepeo hutoka mapema, lakini Plantago hukauka mapema. Kwenye mteremko wa ubaridi viwavi hukawia, lakini majani hukaa mabichi muda mrefu. Mwaka wa ukame, wa upande wa ubaridi huokoka. Mwaka wa mvua na mawingu, wa upande wa jua huokoka. Kilima chenye pande zote mbili ni kama mkulima aliyepanda mtama na mahindi: mvua ikikataa, mahindi hufa lakini mtama humlisha. Coyote Ridge ni pakubwa, tena pana miteremko ya kila namna. Makao ya Editha katika Jasper Ridge yalikuwa madogo na hayakuwa na miteremko mingi ya kukimbilia. Hifadhi zote mbili zilikuwa na mmea ule ule na kipepeo yule yule. Umbo la ardhi ndilo lililozitenga.

MOSHI WA MOTOKAA NA MENO YA NG'OMBE

Iko sehemu nyingine ya habari hii ambayo itawafurahisha wafugaji. Udongo wa serpentini ni mbovu, hauna naitrojeni ya kutosha, na kwa sababu hiyo nyasi kubwa za kigeni hazikuweza kumea hapo. Plantago, mmea mdogo uliozoea umaskini, uliishi salama. Motokaa zilipoongezeka, moshi wake ulitia naitrojeni hewani, nayo ikashuka juu ya vilima kama mbolea. Nyasi za kigeni zikapata nguvu zikaisonga Plantago.

Bingwa aitwaye Stuart Weiss alieleza mwaka 1999 kwamba mahali ambapo ng'ombe walikuwa wameondolewa, kwa nia njema ya kuwalinda vipepeo, nyasi zilijaa na vipepeo wakapungua sana. Na mahali ambapo ng'ombe walilishwa kwa kadiri, walikula zile nyasi, Plantago ikapata nafasi, na vipepeo wakaendelea kuishi. Katika hifadhi nyingine ya jirani, iitwayo Edgewood, ambako Editha alikuwa amekwisha kutoweka, watu walianza kuzikata nyasi, na mwaka 2007 wakaleta viwavi kutoka Coyote Ridge ili kumrudisha.

Nimeyaeleza haya ili msomaji asidhani kwamba mbele ya hali ya hewa hatuna la kufanya. Mvua hatuiamrishi. Nyasi tunaweza kuzikata. Kipepeo anayesongwa na nyasi upande mmoja na ukame upande wa pili, akiondolewa mzigo mmoja, huenda akaubeba ule mwingine.

KWENDA KASKAZINI NA KUPANDA JUU

Mwaka 1996 Bibi Camille Parmesan alitangaza matokeo ya safari ndefu. Alikuwa amechunguza mahali 151 ambapo zamani iliandikwa kwamba Editha yupo, tangu Meksiko, kupitia magharibi ya Marekani, hadi Kanada. Mahali palipoharibiwa na watu hakupatia katika hesabu. Aliona kwamba makundi ya kusini, upande wa Meksiko, yalikuwa yametoweka kwa kadiri ya mara nne kuliko yale ya kaskazini, upande wa Kanada. Tena yale ya milimani juu yalikuwa yameokoka kuliko ya chini. Hakuna kipepeo aliyefunga mzigo akasafiri. Wa kusini walikufa, wa kaskazini wakabaki, na kwa njia hiyo makao ya aina nzima yalisogea.

Mwaka 1999 yeye na wenzake walitazama aina 35 za vipepeo wa Ulaya wasio na desturi ya kusafiri. Katika muda wa karne moja, 63 katika kila mia za aina hizo zilikuwa zimesogea kaskazini, kwa kilomita 35 hadi 240. Zilizosogea kusini zilikuwa 3 tu katika mia.

Wengine hupanda milima. Kila tupandapo mita 100, joto hupungua kama digrii 0.6. Katika milima ya Sierra de Guadarrama, nchi ya Hispania, joto la mwaka lilizidi kwa digrii 1.3 katika miaka 30 hivi. Sasa tufanye hesabu: kipepeo anayetaka joto lile lile alilozoea, yampasa apande mita ngapi? Gawanya 1.3 kwa 0.6, kisha zidisha kwa 100; utapata mita 217 hivi. Mabingwa walipokwenda kupima, wakatoa habari yao mwaka 2005, waliona kwamba kwa aina 16 za vipepeo wa milimani, mpaka wao wa chini ulikuwa umepanda kwa wastani wa mita 212. Tofauti kati ya hesabu ya ubaoni na ya mlimani ni mita 5 tu! Jaribu kufikiri jambo hilo unapolalamika kwamba hesabu za darasani hazina kazi.

Lakini mlima una umbo la pia iliyopinduliwa. Kadiri unavyopanda, ardhi inapungua, na juu ya kilele hakuna pa kwenda.

WANAOFAIDIKA

Haki inatudai tuseme pia kwamba wako wanaofaidika. Katika Uingereza, nchi ya baridi, kipepeo aitwaye Hesperia comma aliishi kusini tu, kwenye miteremko ya jua kali yenye nyasi fupi, kwa sababu mahali pengine palikuwa baridi mno kwa mayai na viwavi wake. Kati ya mwaka 1982 na 2000 alizidi sana. Joto lilipoongezeka, hata miteremko iliyokuwa baridi ikamfaa.

Hata hivyo wengi hawakufuata njia hiyo. Mwaka 2001 wataalamu walieleza habari za aina 46 za vipepeo ambao mpaka wao wa kaskazini umo Uingereza. Kwa kuwa joto lilikuwa limezidi, ilitazamiwa kwamba wote wangestawi. Kumbe robo tatu zao walikuwa wamepungua. Waliostawi ni wale warukao mbali na wasiochagua sana makao. Wale wa mahali maalumu walikwama, kwa kuwa kati ya makao yao na makao mapya palikuwa na mashamba na miji. Mlango ulifunguliwa, lakini njia ya kuufikia ilikuwa imekatwa.

Hapo ndipo faida ya hifadhi inapoonekana tena. Mwaka 2012 Chris Thomas na wenzake walionyesha kwamba katika Uingereza viumbe wanaohama kwa sababu ya joto hufikia zaidi katika hifadhi kuliko mahali pengine. Hifadhi ni kama nyumba ya wageni njiani: aliyeilaza jana ameondoka, lakini yuko mwingine anayeihitaji usiku huu. Basi hifadhi isidharauliwe kwa sababu kipepeo wake wa zamani ametoweka.

MILIMA YETU

Sasa turudi nyumbani Uganda. Mlima Rwenzori, ambao kilele chake cha Margherita chafika mita 5,109, ulikuwa na barafu yenye eneo lipatalo kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Milima yetu nayo imo katika habari hii.

Tuchukue Msitu wa Bwindi, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Watu wengi huujua kwa ajili ya sokwe wakubwa wa milimani. Humo mna pia aina zaidi ya 200 za vipepeo. Yumo Papilio antimachus, mkubwa kuliko vipepeo wote wa Afrika, ambaye upana wa mabawa yake waweza kupita sentimita 20. Yumo Papilio leucotaenia, mweusi mwenye mkanda wa rangi ya malai, ambaye makao yake ni misitu ya milima ya Bonde la Ufa la magharibi tu: kwetu, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Msitu huo huanza kwenye mita 1,160 na kupanda hadi mita 2,607. Tofauti ni mita 1,447. Kwa kanuni yetu ya digrii 0.6, tofauti ya joto kati ya chini na juu ni kama digrii 8.7. Hiyo ni mali kubwa, maana msitu ni mmoja bila kukatika, na kipepeo wa bondeni ana pa kupandia. Lakini mfikirie kipepeo anayependa ubaridi, ambaye mpaka wake wa chini ni mita 2,400. Joto likizidi kwa digrii 1.3, kama ilivyokuwa Guadarrama, mpaka huo utapanda hadi mita 2,617. Kilele ni mita 2,607. Hesabu imempeleka angani mita 10 juu ya mlima, naye hawezi kuishi hewani. Kuzunguka msitu kote ni mashamba ya watu, nao wana haki ya kula. Hawezi kuushuka mlima huo na kuutafuta mrefu zaidi.

Kutokana na yote haya twaweza kusema hifadhi iliyo njema kwa vipepeo ina sifa gani. Iwe na nchi ya chini na ya juu, ya jua na ya kivuli, isiwe ya namna moja tu. Iwe na njia ya kuiunganisha na nyingine, hata kama ni ukanda mwembamba wa miti kando ya mto; Bwindi yenyewe ni sehemu mbili zilizounganishwa na shingo nyembamba ya msitu, na shingo kama hiyo ikikatwa, mwili umekufa. Tena iangaliwe kila mwaka, maana kuweka kibao na kuondoka hakutoshi. Jasper Ridge ilikuwa na kibao.

KAZI TUNAYOIWEZA

Je, mwanafunzi afanye nini? Naona kazi moja tunayoiweza kabisa, nayo ni kuhesabu. Mwaka 1976 Waingereza walianzisha mpango wa kuhesabu vipepeo kwa njia iliyobuniwa na Ernest Pollard. Chagua njia moja, ukiweza ipite penye kivuli na penye jua. Itembee mara moja kila juma, kwa mwendo wa polepole usiobadilika, siku yenye jua na isiyo na upepo mkali. Hesabu vipepeo wanaoonekana ndani ya mita 5 tu mbele yako na mita 2.5 kila upande. Andika aina, idadi, saa, joto na hali ya mawingu. Usiache juma kwa uvivu, wala usiandike uliyemkisia. Huhitaji wavu wala fedha, ila daftari, kalamu na kipimajoto kimoja cha maabara.

Chama chetu cha elimu ya viumbe kinaweza kuianza kazi hiyo muhula ujao, kila darasa likarithi daftari la darasa lililotangulia. Wanafunzi wa zamani walio walimu katika shule za karibu na misitu wanaweza kuanza yao, kisha tukalinganisha. Daftari la mwaka wa kwanza halitasema neno kubwa. Ehrlich naye, kama angaliacha baada ya mwaka mmoja, asingalijua lolote juu ya ukame wala mvua, na mwaka 1998 ungalipita bila mtu kujua kwamba kipepeo wa mwisho wa Jasper Ridge ameruka. Daftari la mwaka wa ishirini ndilo litakalosema, na wanafunzi watakaolisoma wakati huo hawajazaliwa bado.